Muulize mwenye funguo

Maneno matatu tu, na tangu Jumamosi hayajanitoka kichwani.

Mahafali yenyewe ya shule yetu yalikwenda. Mgeni rasmi aliyetarajiwa saa nne alifika saa saba, risala ikasomwa, ikaahidiwa tangi la maji, Kidato cha Nne wakalia, wakapiga picha, wakarudi kwenye vitabu maana Novemba ndiyo hii mlangoni.  Tuache hayo.

Turudi dirishani, pale tunapogawia chakula. Mzazi mmoja, kitenge cha maua makubwa, sahani ya pili mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye maturubai: "Jamani pilau hii! Wapishi mmewakodi wapi?"

Mama Mkubwa wa jikoni (mpishi wetu wa shule, wasomaji wa zamani mnamjua) alikuwa amesimama na mwiko wake mrefu. Akajibu taratibu: "Ni sisi hawa hawa, mama. Wa kila siku."

"Mbona mwanangu kila likizo ananiambia maharage yenu ni maji matupu?"

"Muulize mwenye funguo."

Akanielekezea mwiko, mimi mtunza stoo. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ungefanya nini?

Basi nimekaa na daftari la stoo nikipiga hesabu kama ninayeandaa utetezi wa mahakamani. Mahafali tulipikia watu 700. Kilo moja ya mchele tunaihesabia watu saba, kwa hiyo kilo 100, mchele wa Kyela uliovunwa katikati ya mwaka. Ungekuwa umetoka kuvunwa nisingeutoa kwa pilau: mchele mpya una unyevu ndani, unashikana. Nyama kilo 90, viazi 30, vitunguu maji 20, mafuta dumu zima la lita 20, vitunguu swaumu kilo tatu, tangawizi mbili, binzari nyembamba kilo moja na robo. Mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga vilipimwa kwa gramu, maana karafuu ikizidi kidogo tu pilau inanuka dawa ya meno.

Sasa, watu wanadhani viungo ndivyo vilivyofanya kazi. Hapana. Mama Mkubwa aligawa kila kitu katika sufuria tano za kilo 20 na kukataa katakata lile jungu kubwa ambalo kila kamati ya mahafali hulipenda. Katika jungu, uzito wa mchele wa juu unaukandamiza wa chini. Chini kunaungua, katikati bokoboko, juu mbichi. Vitunguu alikaanga kilo nne kila sufuria, na hata hizo kwa mafungu, kwa sababu ukivimwaga vyote kwa pamoja vinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu kilichoiva hadi kahawia. Supu ya nyama alipima lita 30 kwa sufuria, yaani lita moja na nusu kwa kilo. Nyumbani ungeweka karibu mbili, lakini sufuria kubwa iliyofunikwa haipotezi mvuke kwa kiwango kile.

Kisha kuna suala la gesi. Tangu Serikali ilipoagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, jiko letu halina moshi na kikohozi cha wapishi kimepungua. Ila pilau imepoteza kitu: makaa ya kupalia juu ya mfuniko. Moto wa gesi unatoka chini peke yake. Dawa aliyoipata Mama Mkubwa ni bati nene chini ya sufuria ili moto usambae, foili juu ya mchele maji yanapokauka, mfuniko uliowekewa jiwe, moto mdogo kabisa kwa dakika 25, na kugeuza mara moja tu kwa mwiko bapa ukianzia pembeni. Ukigeuza kila mara punje zinavunjika.

Alfajiri ya mahafali mtungi wa gesi wa kilo 38 ukazimia. Huku Njombe kwenye baridi ni kawaida. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika. Ikivutwa kwa kasi na majiko matano, mtungi unapoa, unatoka jasho, hata barafu nje, na moto unalegea wakati bado kuna nusu nzima. Kijana mmoja alitaka kuulaza chini. Msifanye hivyo hata siku moja, kitakachoingia kwenye mpira ni kimiminika chenyewe na moto utaruka. Tukaunganisha mitungi miwili kwenye bomba moja, kila mmoja ukavutwa nusu, moto ukarudi.

Nimeeleza yote hayo ili mwone kwamba sikatai kuwa Mama Mkubwa anajua kupika. Kilichoniuma ni hesabu. Mafuta ya mahafali ni kama mililita 29 kwa kila mtu. Siku ya kawaida tuna wasichana 480, natoa lita tano, yaani mililita 10 na ushee, pamoja na maharage kilo 40 na vitunguu kilo nne. Theluthi moja! Na bajeti hiyo siipangi mimi. Inapangwa ofisini, inasainiwa, inanijia ikiwa imekauka. Nilijaribu kufikiria jibu ambalo ningempa yule mzazi. Nikapata mazuri sana, yote yamechelewa.

Jumatatu Mama Mkubwa akaja kurudisha binzari iliyobaki, imefungwa kwenye karatasi, imepimwa. Nikamuuliza: "Mama, ulitaka niongeze mafuta kiasi gani?"

Akanishangaa. "Mafuta gani?"

"Si ulisema wamuulize mwenye funguo?"

"Funguo, ndiyo. Stoo unafungua saa ngapi?"

Saa mbili. Saa mbili na robo kukiwa na baridi. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaanza kuchemshwa saa kumi na moja, kwa sababu kwenye miinuko kama yetu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 na maharage huchukua muda mrefu kuiva. Jiko la pembeni linakuwa wazi kabla ya uji kuwekwa, na huo ndio muda wa kukaanga vitunguu pole pole. Mimi nikifika na kitunguu na mafuta, uji umeshalishika jiko hilo na kikaango hakina pa kukaa. Kwa hiyo vitunguu vinaingia vibichi kwenye jungu la maharage, nyanya zikifuata, mafuta yakimwagwa juu yanaelea. Lita ni zile zile tano, ladha hakuna.

"Nipe jioni," akasema. "Kitunguu, mafuta, chumvi. Nyanya nitaweka maharage yakishalainika, zikitangulia ganda linakaza."

Jana tulijaribu. Kilo nne zile zile, lita tano zile zile. Sitasema wasichana walipiga makofi, hawakupiga, ila ndoo ya makombo ilirudi nyepesi na msichana mmoja wa Kidato cha Pili alirudi dirishani kuomba mchuzi mtupu. Tatizo ni utaratibu: vitu vikitoka stoo jioni lazima vilale mahali penye kufuli, na kabati la jikoni halina hata bawaba. Nimeandika barua kwa mkuu wa shule kuomba kabati. Sijui kwa nini nimetabasamu kuiandika, bado sijaamua kama nimemsamehe ule mwiko.

Kingine. Mama yangu mzazi amepiga simu kutoka kijijini, mbegu za viazi alizozitandaza ghalani zimechipua mapema mno na mvua haijaanza. Machipukizi yakirefuka yatavunjika kwenye kupanda. Nimemwambia azitandaze upya kwa safu nyembamba, zipate mwanga usio wa jua kali, yabaki mafupi na magumu. Anasema dirisha la ghala liko upande mmoja tu na kaka amesafiri. Magunia manane yale.