Cheti cha korona, kadi ya njano na magunia yangu ya dagaa

Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, wateja wangu wakubwa wako Kisumu, Kenya, sasa kipindi kile cha korona kuvuka mpaka ilikuwa shughuli, kila safari upime PCR, kile kipimo cha korona cha maabara, hela inakutoka halafu majibu yakichelewa kidogo muda wa cheti unakata uko njiani na mzigo. Mtaji wa dagaa hauwezi hayo.

Chanjo za Janssen zilivyoingia Julai 2021, mama Samia akachanjwa hadharani tarehe 28, mimi bado nilikuwa upande wa nyungu, kujifukiza, sidanganyi mtu. Baadae nikapiga hesabu nikaona bora sindano, tena ile ni moja tu. Mdogo wangu aliyekuwa anarudi chuo Uingereza alinicheka, maana Tanzania tulikuwa kwenye orodha yao nyekundu, uchanje usichanje unakaa hotelini siku 10 kwa pauni 2,285, mpaka walipotutoa tarehe 11 Oktoba. Ila mimi safari yangu ni mpakani Sirari, sio London.

Machi 2022 Kenya wakatangaza ukikamilisha chanjo PCR huhitaji. Asiyechanja apime ndani ya masaa 72 kabla ya safari, akifika anapimwa tena kile kipimo cha haraka kwa dola 30 zake mwenyewe, akikutwa nayo ajitenge. Nikasema hapa hapa! Kadi yangu ya karatasi si ninayo kwenye mkoba.

Bahati konda mmoja akanishtua, "mama, siku hizi wanataka cheti chenye QR, ile alama ya kuskani." Naenda steshenari kukiprinti, herufi ya jina langu imekosewa na la tatu halipo kabisa, pasi ina majina matatu. Hapo nilizungushwa siku tatu pale nilipochanjia, leo mtandao hamna, kesho mhusika katoka. Siku ya nne nikaenda saa moja asubuhi na pasi yenyewe, kopi, na ile kadi, nikakaa kwenye benchi nikawaambia sitoki, ikafika saa tano kijana akafungua mfumo akarekebisha, dakika kumi hazikufika! Nikaprinti mbili na picha nikaweka kwenye simu.

Alfajiri nikapanda gari Buzuruga, Musoma, Tarime, huyo Sirari. Wakaskani, safi, nikaanza kukunja karatasi zangu, afisa ananiambia "Mama, hii iko sawa, ya yelo fiva iko wapi?" Moyo ukanilipuka. Kumbe ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano nilikuwa nayo kwenye jalada la pasi, ya 2014, na kwa bahati tangu 2016 ile ukichanjwa mara moja inahesabika maisha yako yote, hata kama kadi imeandikwa miaka kumi. Watu walikuwa wanachanganya hizi mbili, wakidhani ukiwa na ya korona umemaliza.

Mwenzangu tuliyetoka naye Mwaloni hakuwa na chanjo wala PCR. Alirudi Tarime kutafuta pa kupimia, magunia yake manne nikamfikishia mimi.