Siku moja maishani mwangu: kuandaa uonjaji wa mivinyo ya Amerika Kusini, Kampala

Saa 3 asubuhi
Naanza na vizibo. Chupa hizi zimeshukia Mombasa na kupanda lori hadi Malaba kabla ya kufika Kampala, na kontena likikaa juani njiani, mvinyo hupanuka na kukisukuma kizibo juu. Napitisha kidole gumba kwenye mdomo wa kila chupa. Palipovimba, au penye mvinyo uliokaukia shingoni, chupa naitenga. Mvinyo uliopikwa na joto hunukia jemu na hauponyeki. Chupa za kifuniko cha kuzungusha hazionyeshi dalili hiyo. Hizo zinasubiri kuonjwa.

Mezani leo kuna mivinyo mitano, kila mmoja ukiitwa kwa jina la zabibu yake: Sauvignon Blanc (nyeupe) ya bonde la Casablanca na Carmenère (nyekundu), zote za Chile. Torrontés (nyeupe) ya Cafayate na Malbec (nyekundu) ya Mendoza, za Argentina. Kisha Tannat (nyekundu) ya Uruguay. Wageni ni 24, kila mmoja mililita 50 kwa kila mvinyo. Chupa ya mililita 750 ina vipimo 15 kwa hesabu, lakini panga 14, maana kuna wa kuonja kwanza na kuna matone. Chupa mbili za kila aina zinatosha. Ya tatu ni akiba.

Saa 5 asubuhi
Glasi 48, mbili kwa kila mgeni. Kila moja nainusa ikiwa tupu. Iliyolazwa kifudifudi kabatini hushika harufu ya mbao, na iliyofutwa kwa kitambaa chenye sabuni ya manukato huua Torrontés kabisa. Maji ya moto matupu, kitambaa kisicho na harufu, basi.

Saa 8 mchana
Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Watu wengi wameambiwa mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Kampala mchana hufika 27. Malbec yenye kilevi cha asilimia 14 ikimiminwa katika joto hilo, kilevi ndicho kinachopanda kwanza, pua inaungua, na harufu ya tunda haisikiki tena. Halafu mtu anaondoka akisema mivinyo ya Amerika Kusini ni mikali. Inaniuma, kwa sababu kilichokosekana ni ndoo ya barafu tu.

Ndoo iwe nusu barafu, nusu maji, na konzi ya chumvi. Barafu peke yake, bila maji, hugusa chupa sehemu chache na kupoza polepole; maji huizunguka chupa yote. Nyekundu dakika 10 hadi 12, nyeupe 20 hadi 25. Nyeupe naitoa ikiwa kwenye nyuzi 8, kwa kuwa ndani ya glasi itapanda haraka. Friji siitegemei peke yake, umeme ukikatika jioni hakuna muda wa kurekebisha.

Saa 10 alasiri
Nafungua zote na kuonja kila chupa, si moja kwa kila aina. Kizibo kibovu huupa mvinyo harufu ya katoni iliyolowa, na chupa jirani ya kreti hiyohiyo inaweza kuwa salama kabisa. Tannat inaingia kwenye jagi pana saa mbili kabla ya wageni. Ina ukakasi mwingi, na hewa huilainisha.

Saa 12 na nusu jioni
Nyeupe kwanza, kisha nyekundu, Tannat mwisho. Ikitangulia, ulimi hausikii tena kitu chepesi. Glasi ishikwe kwenye mguu, iinamishwe juu ya karatasi nyeupe, itikiswe, inuswe. Torrontés huwachanganya wengi: inanukia yasmini na ganda la chungwa, wanategemea utamu, wanakuta mvinyo mkavu.

Carmenère nakaa nayo zaidi. Zabibu hii ya Bordeaux, Ufaransa, ilidhaniwa imepotea, kumbe ilikuwa mashambani Chile ikiitwa Merlot, jina la zabibu nyingine, hadi Jean-Michel Boursiquot, mtaalamu wa mizabibu wa Ufaransa, alipoitambua mwaka 1994. Inuse polepole: pilipili hoho mbichi. Hutokana na kemikali ya pirazini iliyomo ndani ya zabibu, ambayo hupungua kadiri zinavyoiva. Hoho kidogo nyuma ya tunda jeusi ni sura yake halali; hoho peke yake, ilivunwa mapema.

Kwenye Malbec, wageni huuliza kuhusu mwinuko. Bonde la Uco, Mendoza, lina mashamba kwenye mita 1,000 na zaidi, na Kampala iko karibu 1,200. Tofauti ni kwamba kule ni nusu jangwa: mchana jua kali, usiku baridi, na baridi hiyo ndiyo inayohifadhi uchachu.

Mchomo wa mbuzi unakuja na Tannat, kwani mafuta na protini ya nyama hupunguza ukakasi. Pilipili ikae pembeni, la sivyo kilevi kitawaka mdomoni. Ndoo za kutemea ziko kila meza: vipimo vitano ni mililita 250, thuluthi ya chupa, na wenye magari wasimeze.

Saa 3 usiku
Mabaki yanazibwa na kuingia friji, nyekundu nazo. Tannat itakuwa nzuri hata kesho kutwa. Torrontés hupoteza harufu upesi, kwa hiyo inamalizwa usiku huu na wapishi, pamoja na samaki wa ngege aliyebaki.