Kibadilisha gia cha mbele kilivyopata pa kukaa

Fremu ya baiskeli ya mtumba niliyonunua Moshi haina kishikio kilichochomelewa kwenye bomba la kiti, kwa hiyo kibadilisha gia (kinachohamisha mnyororo kati ya sproketi za mbele) cha kufungwa kwa boliti hakikuwa na pa kushika. Nikatafuta cha bangili, yaani cha pete inayokaza kulizunguka bomba lenyewe. Bangili hizo huja kwa vipenyo vitatu: milimita 28.6, 31.8 na 34.9. Rula haitoshi kupima bomba, tumia kalipa, kipimo chenye taya mbili. Bomba langu lilisoma 31.8. Fundi alinishauri nichukue 34.9 na kujaza nafasi kwa kipande cha tyubu. Nilikataa: mpira unabonyea, bangili inateleza waya ukivutwa. Angalia pia kama waya wa gia unavuta kutokea juu au chini. Wangu unapita chini. Nilikifunga milimita 2 juu ya meno ya sproketi kubwa, sambamba nayo. Mlima wa Kibosho sasa naupanda kwa sproketi ndogo.