Usiku Tisa Nikijaza Fomu Isiyonihusu

Msinicheke. Niliomba leseni ya kuuza kitu ambacho sikuwa na nia ya kukiuza.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Dodoma. Tulitaka kuchunguza seli za kinga za wagonjwa wa kifua kikuu, na kingamwili tuliyoitaka (protini ya maabara inayonata kwenye seli fulani ili tuzitambue) ilitengenezwa na wanasayansi wa serikali ya Marekani, wale wa NIH, taasisi zao za utafiti wa afya, pale Bethesda. Madukani haipo. Kaka mmoja mjuaji (kila ofisi anaye) akaniambia, "Mali ya serikali ile, bila leseni hugusi." Nikapakua fomu.

Jamani, ile fomu! Inataka mpango wa kuendeleza bidhaa, inataka soko, inataka mtaji. Kwenye soko nikaandika Kongwa, Mpwapwa, Bahi hadi Manyoni, nikaanza kuhesabu zahanati. Mke wangu akachungulia: "Baba Neema, tunafungua kampuni?"

Nikaituma. Jibu la NIH likaja la kistaarabu, swali moja tu: mnauza au mnatafiti?

Kumbe leseni ni ya anayetaka kutengeneza na kuuza, iwe kitendanishi (kemikali ya kupimia maabara) au kipimo cha hospitali. Sisi watafiti wa taasisi isiyo ya biashara tulihitaji MTA tu, yaani mkataba wa kupeana sampuli, kurasa chache. Nikausaini usiku uleule. Ukarudi! Sahihi yangu peke yake si kitu. Anatakiwa mwenye mamlaka ya kuifunga taasisi, naye alikuwa safarini wiki mbili.

Wakauliza tutumiwe nini: seli za haibridoma zinazozalisha kingamwili, au kingamwili yenyewe? Mjuaji: "Chukua seli, utazalisha hadi uzeeke." Seli zinataka naitrojeni ya kimiminika ya kuzihifadhi na mashine ya kuzikuzia isiyozimika, na umeme wetu mnaujua. Nikaomba kingamwili iliyosafishwa na kuunganishwa na PE, rangi inayong'aa ikimulikwa, vichupa viwili.

Vibali vya maadili na vya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, siviongelei, hivyo kila mtu anavijua.

Sasa niacheni nijisifu. Kingamwili ya PE inakaa nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda, rangi imekwenda. Kuipokea Dar na kuizungushia barafu iliyotoka friza ni kuiua kwa mkono wako. Dada mmoja wa chanjo ndiye aliyenifundisha: toa vifurushi vya barafu, viache mezani vitoe jasho, chukua kimoja ukitikise sikioni. Ukisikia maji yanacheza ndani, pakia. Nilikaa karibu saa nzima natikisa barafu sikioni, mlinzi ananitazama kama mgonjwa. Vichupa nikavifunga karatasi ya foili visipate mwanga, nikapanda treni ya SGR na kideli, kile kisanduku cha kutunza baridi, mapajani. Nauli na bajaji, kama elfu hamsini hivi. Nashuka Dodoma, kipimajoto kinasoma 5.

Juzi mjuaji kaniuliza, je, tukitaka kutengeneza kipimo cha kuuza? Hapo ndipo leseni inahitajika, kaka. Ile fomu ya usiku tisa bado ninayo kwenye flashi, Manyoni na yote.