Skrubu tatu za mama

Jumapili jioni, Tandahimba.

Mikorosho imeanza kuangusha tena, na kila nikipita chini yake naangalia ninapokanyaga. Msimu uliopita mama aliteleza kwenye mabibo yaliyooza, akaangukia ubavu wa kulia, ndoo ya korosho ikamwagika. Hakupiga kelele. Aliinuka, akaokota korosho zake zote, akarudi nyumbani akichechemea. Alikuwa na miaka 57, na kwetu huku mtu wa umri huo kuteleza shambani si habari.

Siku nne alitembea hivyohivyo. Mara ashike ukuta, mara ashike kiti, anasema msuli tu umeshtuka. Tukaamini, maana nani avunjike nyonga halafu aende chooni kwa miguu yake? Aliyevunjika nyonga mimi nilimjua: marehemu bibi mzaa baba. Mguu wake ulikuwa umefupika, unyayo umelalia nje, hata kujigeuza kitandani hawezi. Mama hakuwa na dalili hata moja ya hizo.

Siku ya tano nikaita mkandaji. Ni mimi niliyemwita, na naliandika hilo kwa sababu siku hizi nyumbani hadithi inasimuliwa kana kwamba mimi ndiye niliyewahi kumpeleka hospitali. Si kweli. Mafuta ya ufuta niliyapasha mwenyewe, mkeka nikautandika mwenyewe. Bibi wa watu akaja, akaitikia shikamoo zetu, akamlaza mama chali. Kabla hajagusa mafuta akamgonga kisigino kwa kiganja, taratibu, kama anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Mama akashika kinena. Akagonga tena, mama akashika palepale, machozi yakamtoka.

"Mjukuu wangu," bibi akaniambia, "hii si ya mafuta. Mpelekeni akapigwe picha."

Hela ya kukanda hakuipokea. Chupa ya mafuta aliondoka nayo.

Tukakodi Noah, tukalaza kiti cha mbele, tukashuka Mtwara mjini. Daktari wa mifupa alituonyesha kwenye picha mstari mwembamba ambao peke yangu nisingeuona. Ulikuwa kwenye shingo ya paja, kile kipande kifupi kinachoshika kichwa cha paja kwenye mfupa mrefu. Vipande viwili vilikuwa vimeshindiliana, kimoja kimezama kwenye kingine, ndiyo maana mama aliweza kutembea. Akasema akivutwa huo mguu, au akiteleza tena mara moja tu, vingeweza kuachana. Mimi nikawa natazama sakafu.

Hofu kubwa ya daktari ilikuwa damu. Mishipa midogo inayolisha kichwa cha paja hupanda kwa kufuata hiyo shingo, na shingo ikihama, mishipa huchanika au hujikunja. Nikafikiria korosho inavyoning'inia chini ya bibo, chakula chake chote kinapita humohumo. Kichwa kikikosa damu hufa polepole, kikabonyea, hata kama pale palipovunjika pameunga vizuri.

Usiku nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Mwaka 1961 daktari wa Uingereza aitwaye Garden aliyagawa mavunjiko haya katika madaraja manne kwa kuangalia shingo imehama kiasi gani. Mama alikuwa daraja la kwanza, yeye wa kufungwa skrubu. Mzee ambaye shingo imehama kabisa, mara nyingi hawamfungi skrubu. Wanatoa kichwa cha paja na kumwekea cha chuma. Bibi yetu hakupata hiki wala kile. Alilala ndani miezi mitatu, vidonda vya mgongoni vikammaliza, na sisi tukasema ni uzee.

Nilisoma pia habari za daktari Smith-Petersen wa Boston, Marekani, aliyeeleza mwaka 1931 msumari wake wenye mapezi matatu wa kushikia shingo ya paja. Asubuhi nikamsimulia mama nimtie moyo. Akauliza kama hizo skrubu zake zinashika kutu.

Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho muda wote. Anasema keekee ililia kama kwa seremala wa vitanda pale sokoni, ila hapa kitanda ni yeye. Skrubu zina tundu katikati. Kwanza hupitishwa waya, mashine ya picha ikizungushwa kando ya nyonga ili waone umeelekea wapi, kisha skrubu inafuata njia ya waya. Zimekaa tatu, pembetatu yenye ncha chini, na ile ya chini imelala karibu na ukingo wa chini wa shingo, mfupa ulipo mgumu. Zote zinakwenda sambamba ili vipande vikikandamizwa visogeleane. Kidonda chenyewe hakifiki urefu wa kidole changu.

Pesa ilitoka kwa kaka, aliyekopa, maana korosho zetu zilikuwa bado ghalani zinasubiri mnada.

Kazi ilikuwa nyumbani. Wiki sita za magongo, mguu unagusa chini kidogo tu, na mama hajawahi kukaa wiki sita bila kufagia uwanja wake. Tuligombana kuliko miaka yote. Picha za baadaye zilionyesha mfupa umeunga, lakini daktari alisema kichwa kitaangaliwa hadi miaka miwili, na kinena kikianza kuuma turudi haraka. Juzi nilimwona amepeleka mkono kinenani, nikaacha sahani ya ugali nikasimama. Kumbe anafunga kanga.

Leo amekwenda shambani. Kuinama sana hapendi, basi kaka amempigilia msumari kwenye ncha ya ufito, anachoma bibo, analipandisha, anaikwanyua korosho, anatupia ndooni. Nilipomkuta chini ya mkorosho mkubwa aliniinulia ule ufito.

"Mlinipigilia mimi," akasema, "sasa na mimi napigilia."