Ni kweli, sibeui tena

Tangu nifanyiwe upasuaji wa kuzuia asidi ya tumboni isipande kooni, swali ninaloulizwa sana pale kijiweni Tandika si kama iliuma wala ilinigharimu shilingi ngapi. Ni hili: "Fundi, ni kweli hubeui?" Ni kweli. Nikinywa maji hewa inashuka nayo, na ikishashuka hairudi juu. Inatafuta mlango mwingine. Kwa mtu wa swala tano hilo lina mambo yake, nitayafikia.

Mimi ni fundi wa tailizi, kazi yangu ni kuinama. Unapiga magoti kutwa nzima, kichwa chini, pima maji mkononi, na chai ya asubuhi inapanda hadi kooni ikiwa chungu. Msikitini vilevile. Rukuu nilikuwa navumilia, lakini kwenye sujudu yale maji makali yalinifika mpaka puani, nikawa nainuka kabla ya imamu. Usiku Mama Salma aliingiza matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Matofali yale yalinisaidia kuliko nusu ya dawa nilizonunua.

Huku kwetu tumbo likiwaka moto jina lake ni moja tu, vidonda vya tumbo, na kila mtu ana tiba yake: maji ya kabichi, asali, unga wa mizizi kwenye chupa isiyo na jina. Nami nikatibiwa vidonda. Nilipimwa, nikakutwa na bakteria wa tumboni, nikapewa dozi ya antibiotiki mbili pamoja na omeprazo. Bakteria wakaisha, kiungulia kikabaki palepale. Baadaye nikaelekezwa omeprazo imezwe nusu saa kabla ya kula, isisubiri kifua kianze kuwaka. Hapo moto ulipungua kweli. Ila nikiinama chakula kiliendelea kupanda, tofauti ikawa tu kwamba hakichomi kama zamani.

Nilimweleza hivyo daktari, binti mdogo tu, aliyenipokea kwa shikamoo kabla sijakaa. Akatabasamu, akachukua kalamu. "Baba, dawa inapunguza ukali wa asidi. Haifungi mlango." Akanichorea. Umio unashuka kifuani, unapita kwenye tundu la kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ndipo unaungana na tumbo, yaani mfuko wa chakula. Pale kwenye maungio kuna msuli unaobana baada ya kila tonge. Wangu ulikuwa umelegea, na tundu lenyewe limepanuka hadi sehemu ya tumbo imepanda kifuani. Hiyo nayo ni ngiri. (Nilipolitaja neno hilo kijiweni, kesho yake nililetewa mizizi ya nguvu za kiume. Sikuomba.)

Kitu ninachotaka anayefikiria upasuaji huu akishike ni vipimo. Usikubali kulala kwenye kitanda cha upasuaji kwa sababu tu kifua kinawaka. Kwanza nilipuliziwa ganzi kooni nikameza mpira wenye kamera. Umio ulikuwa umechubuka kwa daraja C, kwenye kipimo kinachoanzia A hadi D, na daktari akasema kwa mchubuko wa namna hiyo hakuna tena ubishi kwamba ni asidi inayopanda. Ambaye kamera haikumwonyesha kitu anawekewa mrija mwembamba puani unaorekodi asidi kwa saa 24. Halafu nilinywa dawa nyeupe nzito kama chokaa huku napigwa eksirei. Mwisho ukaja mrija wa kupima nguvu ya umio kusukuma chakula. Huo ulinikera kuliko vyote, lakini ndio unaoamua umio ufungwe kwa kiasi gani, maana upasuaji wenyewe ni kuuzungushia sehemu ya tumbo: umio dhaifu ukizungushiwa tumbo pande zote, mtu anaweza kushindwa kumeza. Wa aina hiyo huzungushiwa sehemu tu. Wangu ulikuwa na nguvu, nikazungushiwa wote.

Kazi yenyewe niliilalia usingizi, kwa hiyo nasimulia nilivyoambiwa. Matundu matano, kubwa kati yake kama upana wa kidole. Nafasi iliyo ndani ya tumbo, nje ya mfuko wa chakula, inajazwa gesi ya kaboni dioksidi ili kamera ipate nafasi. Ini linasogezwa, tumbo lililopanda linavutwa chini, tundu la kiwambo linashonwa kwa nyuzi. Kisha sehemu ya juu ya tumbo inapitishwa nyuma ya umio, inazungushwa hadi mbele na kushonwa. Mzunguko huo una upana wa sentimita mbili hivi. Tumbo likijaa, linajibana lenyewe pale.

Nikiwa wodini nilisoma kwenye simu kwamba aliyebuni hilo ni Rudolf Nissen, daktari Mjerumani, aliyemfanyia mgonjwa mjini Basel mwaka 1955. Ndiye aliyempasua Albert Einstein mwaka 1948 na kumzungushia selofani kwenye mshipa mkubwa wa damu uliokuwa umevimba. Mzee alipenda kuzungushia vitu. Kwa Nissen ilikuwa kupasua tumbo wazi. Taarifa za kwanza za kuifanya kwa matundu madogo zilitoka mwaka 1991.

Nilipozinduka matundu hayakunisumbua sana. Bega la kulia ndilo liliuma, nikadhani wameniangusha. Nesi akasema ni ile gesi, inachokoza kiwambo na maumivu yanasikika begani. Siku chache likaachia.

Gharama siwezi kukutajia, hospitali hazilingani. Muulize wa bima kabla, akujibu kwa maandishi.

Chakula ndiyo shule. Wiki za mwanzo ni mtori, uji wa ulezi, supu iliyochujwa. Umio unakuwa umevimba pale chini, tonge kubwa linakwama na unalisikia limekaa. Chapati, mkate na nyama kavu vilingoja. Soda hata sasa siigusi, maana gesi ikiingia tumbo linavimba kama ngoma.

Na hapo ndipo udhu unapoingia. Hewa isiyotoka juu hutoka chini, na ikitoka udhu umetenguka. Ramadhani iliyopita kwenye tarawehe nilihamia safu ya mwisho, karibu na mlango, karibu na bomba. Imamu alinifuata akidhani nimekasirikia mtu. Nilimweleza ukweli, akacheka mpaka akashika ukuta. Imepungua siku hizi, nakula polepole na simezi hewa. Lakini sujudu yangu nakaa nayo ninavyotaka, na badilishano hilo mimi nimelikubali. Mwingine anaweza asilikubali, hasa kama dawa zinamtosha.

Kuna wanaorudi kwenye vidonge baada ya miaka, na kuna ambao mzunguko unalegea wakarudishwa tena kwa daktari. Nililijua hilo kabla ya kusaini. Nilikatazwa kunyanyua vizito kwa wiki sita. Nimeongeza mwenyewe bila kumuuliza mtu. Mifuko ya saruji ya kilo 50 sasa anaibeba kijana wangu Hamisi, na ameshaomba posho iongezwe.