Dosie 412 kwa nafasi 3: tulivyochagua watunza ghala Bukavu

Depo yetu ya dawa hapa Bukavu ilihitaji watunza ghala 3. Tangazo lilipobandikwa, dosie, yaani faili za maombi, zikafika 412. Awamu iliyotangulia tulikuwa tumedai kila mwombaji alete cheti cha mwenendo mwema na cha afya. Watu walizilipia karatasi hizo, na wengi hatukuwaita kabisa. Jambo hilo liliniuma. Safari hii niliomba barua ya ukurasa mmoja na CV tu. Vyeti vingeletwa na watakaofika mwisho.

Katibu alitia namba kwenye kila dosie, akafunika jina na anwani kabla hatujaanza kusoma. Kwetu jina linasema mengi: ukiliona tu unajua mtu ni wa upande gani wa mkoa, Walungu, Shabunda au Idjwi, na moyo unaegemea kwenu bila wewe kutaka. Siku ya pili mjomba akanipigia: “Mtoto wangu, dosie ya ndugu yako iko kwenu, umuangalie.” Nikamjibu, “Mjomba, hata namba yake siijui.” Ilikuwa kweli, na ilinipa amani.

Tulisoma wawili, kila mtu peke yake, kwa maswali 4 yaliyoandikwa mapema, kila swali alama 0 hadi 2. Tulianza na dosie 20, tukalinganisha. Mwenzangu alikuwa amempa 0 ya uzoefu mwombaji aliyeshika daftari la depo ya vinywaji ya mama yake, katika komuni ya Kadutu, kwa miaka 5. Mimi nilikuwa nimempa 2. “Yaya (yaani mkubwa wangu), hiyo si kazi, ni mambo ya nyumbani,” akasema. Tulibishana karibu saa nzima, mpaka tukaandika: uzoefu ni kuhesabu mali na kuandika kilichoingia na kilichotoka, popote pale. Zile 20 tukazisoma upya. Kutoka hapo dosie moja ilichukua dakika 3 au 4, na tulipopishana kwa alama zaidi ya 2, mtu wa tatu aliisoma.

Waliopita tuliwapa mtihani wa nusu saa: fishi ya stoki (kadi ya mali inayoingia na kutoka) yenye makosa ya hesabu, na makatoni ya dawa moja yenye tarehe mbalimbali za kuisha muda. Lipi litoke kwanza? Ni lile litakaloisha muda mapema, hata kama limeingia jana. Baadhi ya wenye diploma nzuri walilitoa lililotangulia kuingia. Wale 12 waliofika mwisho tuliwauliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na kila mmoja wetu aliandika alama kabla ya kufungua mdomo.

Ninalolishikilia zaidi ni hili: kabla ya mtihani tulibandika namba za dosie 46 zilizofaulu, tukaruhusu yeyote aje aone alama zake. Kijana mmoja alikuja kutoka Bagira, akatazama karatasi yake, akauliza mbona ukurasa wa pili wa CV haukuhesabiwa. Kurasa zilikuwa zimegandana. Tukamsoma upya, akawa wa 47.